Sakafu Ilipoondoka Chini ya Miguu Yangu

Alhamdulillah, leo nayaandika haya nikiwa nimekaa kitako. Kwa muda mrefu niliyasema nikiwa nimelala chali, tena moyoni tu, kwa sababu mdomo ulikataa. Nakuandikia wewe uliye kitandani sasa. Na wewe pia uliye mzima wa mwili, ambaye usiku unakesha na huna wa kumwambia. Sina elimu ya dini wala ya udaktari ya kukupa. Nina yaliyonikuta.

Kazi yangu ni kukagua majengo. Mtu akitaka kununua nyumba, au kuikarabati, au akiona ufa ukutani unampa wasiwasi, ananiita. Naizunguka nyumba kwa nje, naingia, napanda mpaka juu, nateremka, kisha naandika ripoti: nyumba ina afya gani, inaumwa wapi, na kuitibu kutagharimu kiasi gani. Nilisoma Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na huko nilifundishwa zege na nondo. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa chokaa, sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Hakuwa na cheti chochote.

Lazima nikueleze kidogo nyumba hizi zilivyo, ama sivyo hutaelewa kilichonipata. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wa nusu mita na zaidi. Sakafu ya darini inabebwa na boriti za mkoko zilizopangwa karibu karibu. Mkoko haurefuki vya kutosha kuvuka ukumbi mpana, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba na virefu, upana wake hauzidi sana mita tatu. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humiminwa chokaa na kupondwa mpaka igande. Sakafu ya namna hiyo ni nzito mno. Ikikaa vizuri hukaa miaka mia na zaidi.

Ukuta wa chokaa unapumua. Mvua ikiulowesha, jua likitoka unakauka. Lakini siku hizi watu wanaona chokaa ni kazi nyingi, wanapiga lipu ya saruji. Ni kama kumvika mtu koti la mpira wakati wa joto, jasho likakosa pa kutokea. Maji yanabaki ndani ya ukuta, na ndani ya ukuta ndimo zilimoingia ncha za boriti. Yule mzee alinichukua siku moja kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa, akaniokotea boriti, akanipa nyundo niigonge katikati. Ikalia vizuri, kavu, kama mlango wa mti mgumu. Kisha akaigeuza akanionyesha ncha yake. Akaiminya kwa kidole gumba tu, ikapukutika kama tumbaku.

"Boriti inaanza kufa huku," aliniambia. "Usimsikilize mtu anayekuambia dari ni nzima mpaka umeona huku."

Kwa hiyo nilikuwa nikijua. Baadaye, kujua huko kulinitesa kuliko mguu.

Ilikuwa Aprili 2019, mwezi wa Shaaban, masika yameshika. Kampuni moja ya udalali ilinipa kibarua cha kukagua nyumba ya ghorofa mbili. Mnunuzi alitaka kuifanya nyumba ya wageni na alikuwa na haraka, alitaka ripoti ndani ya siku mbili. Jina la kampuni nimeliacha, na mtaa nimeuacha. Sikuja hapa kumshitaki mtu.

Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, akiwa na miaka kumi na tisa wakati huo. Amemaliza skuli, hana kazi, dada akaniomba nimshughulishe. Alikuwa ananishikia futi kamba na tochi. Tukafika saa nane mchana, tumeshaswali Adhuhuri.

Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya. Lipu mpya ya saruji ndani, nyeupe, laini, mpaka kwenye pembe. Nilipoiona nilijua kuna kitu kinafichwa, maana nyumba ya umri ule haiwi na ukuta kama yai. Nikamwomba msimamizi wa nyumba ruhusa ya kuchimba lipu mahali pawili, chini ya dari, nione ncha. Akakataa. Alisema rangi haina hata wiki mbili, mnunuzi anakuja kesho, atasema ukuta umetobolewa. Nikampigia mtu wa kampuni. Akaniambia, "Wewe piga nyundo tu, andika unachokiona."

Nikapiga nyundo. Boriti zikalia vizuri. Nikapanda.

Nimekirudia kitendo hicho kichwani mara elfu. Ningeweza kuondoka. Ningeweza kuandika kwenye ripoti, "Nimekataliwa kuona," nikafunga begi. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa imefika, Ramadhani iko mlangoni, watoto wanataka nguo za sikukuu. Nikapanda.

Darini, kwenye chumba cha nyuma, nilikuta wameweka tangi la maji la lita elfu moja. Sakafu za boriti hazikujengwa kwa ajili ya matangi. Lita elfu moja za maji ni tani moja, na tani hiyo imesimama mahali pamoja usiku na mchana. Nikatoa daftari nikaandika: *Tangi liondolewe mara moja.* Ndiyo sentensi ya mwisho niliyoiandika siku ile. Nikamwita mpwa wangu, alikuwa chumba cha chini yangu, nikamwambia ashike mwisho wa futi kamba ninaomteremshia kwenye tundu la bomba. Akasema, "Sawa, mjomba."

Nikasikia mlio mdogo. Kama mtu anayevunja ukuni gotini. Nikasimama. Nikatazama chini. Sikuona kitu. Nikainua mguu wa kulia nirudi nyuma.

Sakafu ikaondoka.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka kiza. Nakumbuka vumbi la chokaa limejaa kinywani, nikitaka kupiga kelele nameza vumbi. Mguu wa kulia sikuuhisi. Kifua kilikuwa kimebanwa. Mkono mmoja ulikuwa huru, wa kushoto, kuanzia kiwiko.

Nikamwita mpwa wangu kwa jina.

Kimya.

Nikaita tena. Kimya. Nikaanza kupapasa kwa ule mkono mmoja. Mawe. Kipande cha boriti. Kitu laini. Nikakishika. Ilikuwa nguo. Nikakivuta, hakikuja. Nikasema, Ya Allah, huyu ni mtoto wa dada yangu. Nimemuua. Nimemwita mwenyewe asimame pale. Nimemwambia ashike kamba.

Ile nguo lilikuwa begi langu. Lakini sikujua. Kwa muda ambao baadaye niliambiwa haukufika nusu saa, mimi niliishi nikijua kwamba nimemuua mtoto wa dada yangu. Nitamwambia nini dada. Nilikuwa narudia hivyo tu. Sikuomba niokolewe. Nitamwambia nini dada.

Kumbe alikuwa hai. Dakika ile ile niliyomwita, mwenye gari la madafu alikuwa amekwama uchochoroni kwa sababu ya vespa yetu, akapiga kelele isogezwe. Mpwa wangu akaitikia "Sawa, mjomba," akaweka kamba chini, akatoka mbio kwenda kuisogeza kwanza. Alikuwa mlangoni sakafu ilipoanguka. Alikimbilia msikitini kuita watu. Niliposikia sauti yake kwa mbali inasema "Mjomba! Mjomba!", nililia. Wakati mwingine hata sasa nikiisikia sauti yake ghafla kwenye simu nabanwa na koo.

Hawakuweza kunitoa upesi. Kile kipande cha sakafu chenye tangi hakikuanguka. Kilikuwa kimening'inia juu yangu. Maji yalidondoka kutoka kwenye bomba lililokatika, tone kwa tone, usoni. Kila tone nilijua tangi bado lipo. Vijana walitaka kuanza kuchimba kwa mikono, watu wa Zimamoto wakawazuia. Wakaingiza mpira kupitia dirishani, wakalitoa maji tangi lote kwanza, ndipo wakaanza kuondoa jiwe moja moja, wakipokezana kwa mstari mpaka uchochoroni. Nilisikia adhana ya Alasiri. Nikaswali kwa macho. Nilisikia adhana ya Magharibi. Nilikuwa sijaswali bado wakanifikia mkono. Mtu akaushika mkono wangu wa kushoto, hakuuachia mpaka nilipotoka. Sijui alikuwa nani. Nimeuliza sana. Mungu anamjua.

Paja la kulia lilivunjika mara mbili. Mbavu tatu. Kisigino. Nilivushwa bahari kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, nikatiwa chuma kwenye paja, nacho ninacho mpaka leo. Siku za baridi ya kusi kinanikumbusha. Madaktari na wauguzi walinihudumia kwa imani, Mungu awalipe.

Ile kampuni haikuja. Nilikuwa mtu wa kibarua, sina mkataba, sina bima. Mke wangu aliuza bangili zake za dhahabu za harusi, zote sita, wala hakuniambia. Nilijua siku aliponinywesha uji nikaona mikono yake haitoi mlio. Nikamtazama mkononi. Akavuta mtandio akafunika. Kaka yangu alisimamisha ujenzi wa nyumba yake, matofali yakabaki yamepangwa kiwanjani, fedha ikaja kwangu. Shemeji zangu walipokezana kulala nami hospitali. Watu wa msikitini kwetu walichanga. Sikupata hata siku moja ya kukosa chakula wala dawa, na sikupata hata siku moja ya kubaki peke yangu.

Lakini nilikuwa peke yangu. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Ramadhani ilinikuta kitandani. Sikuweza kufunga. Usiku nilisikia watu wanakwenda tarawehe, viatu vyao vinakwaruza njiani, nami nimelala natazama dari. Nyumba tuliyokodi haikuwa ya boriti, ilikuwa ya matofali na mabati, na dari ya mbao nyembamba. Hakuna cha kuanguka pale cha kumuua mtu. Mimi ni mkaguzi, najua. Hata hivyo nilitazama. Nilihesabu misumari. Nilijua kila mstari wa kila ubao. Paka akipita juu ya bati, moyo ulikuwa unataka kunitoka. Nikifumba macho nasikia ule mlio, ukuni unavunjwa gotini.

Mguu ukaanza kupona. Kufikia mwisho wa mwaka natembea kwa mkongojo, kisha bila mkongojo. Watu wakafurahi, wakasema umekuwa mzima. Nami nikaanza kusema uwongo. Nikiitwa kazini nasema mguu unauma. Nikialikwa harusi ukumbi ukiwa ghorofani, nasema mguu unauma. Msikiti wetu una sehemu ya juu. Ijumaa palipojaa chini nilirudi nyumbani, nikasema mguu. Mke wangu akanunua mafuta ya karafuu, kila usiku ananikanda mguu usiouma. Nilikuwa nageuza uso ukutani asinione.

Mpwa wangu alikuwa akija kuniuliza, "Mjomba, tutarudi lini kazini?" Nikawa namkwepa. Mtoto niliyemlilia chini ya kifusi nikawa namkwepa.

Kuna usiku mmoja. Sijui kama niuandike. Nitauandika.

Niliamka, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya uani. Mvua ilikuwa inanyesha. Sikuingia ndani. Nikalowa. Nikamwambia Mola wangu, kwa maneno haya haya: kwa nini hukuniacha pale pale. Nilisema. Nilikuwa na mke, nina watoto watatu wamelala ndani, na mama yangu hai, nami nikatamani wasingenitoa. Nikaogopa nilichokisema. Nikaogopa zaidi kwamba sikukijutia. Nilikaa pale mpaka alfajiri.

Mke wangu alinikuta. Hakuuliza. Alileta taulo. Akanifunika kichwa kama mtoto, akanifuta. Kisha akaenda kumpigia simu mama yangu Pemba.

Mama akasema, "Niletee mwanangu."

Kwetu ni shamba, karibu na Wete. Nyumba ya mama ni ya udongo, imeezekwa makuti. Kaka yangu amemwambia mara nyingi atampigia bati, anakataa, anasema bati lina joto. Nilifika jioni, nikala, nikaambiwa nikalale. Nikajilaza, nikatazama juu kama kawaida yangu. Nikaona makuti. Pau nyembamba, kamba, makuti. Akili yangu, ambayo kwa miezi ilikuwa inakokotoa uzito wa kila kilichokuwa juu ya kichwa changu, ikakokotoa na hapo. Makuti yakianguka hayaui mtu.

Nikalala mpaka jua limetoka. Mama hakuniamsha hata kwa Alfajiri. Alisema baadaye, "Nilimwambia Mungu usingizi ule ni wake, akuhesabie."

Nilikaa kwake wiki sita. Siku ya nne au ya tano tumekaa jikoni, anakuna nazi, akaniambia bila kunitazama, "Mguu wako umepona. Nakuona unavyokwenda kisimani. Sasa niambie unachoumwa."

Nikamwambia. Yote. Ule mlio, ile nguo niliyoidhani ni mtoto, msimamizi aliyenikataza na mimi niliyekubali, usiku wa mvua. Hata maneno niliyomwambia Mungu. Mama aliacha kukuna. Nilidhani atanikemea kwa kufuru. Akaosha mikono, akaniwekea kiganja kifuani, akasoma anachosoma, akapuliza. Kisha akasema, "Baba yako alizama na jahazi kabla hujazaliwa wewe, akaogelea mpaka Fundo. Miaka miwili hakuyagusa maji ya bahari hata kuoga. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Baba yangu niliyemjua mimi alikuwa mvuvi, hodari wa bahari kuliko wote pale. Hakuna aliyeniambia kwamba aliwahi kuogopa.

Niliporudi Unguja nilimwambia mke wangu vile vile. Tukaenda pamoja hospitali, safari hii si kwa ajili ya mguu. Daktari alinisikiliza, akaniambia hofu kama yangu inawapata wengi waliopona ajali, ina tiba, na sehemu kubwa ya tiba ni kusema na kurudi kidogo kidogo. Sikurudi kidogo kidogo. Mwaka 2020 uliobaki niliuza vifaa vya umeme kwenye duka la kaka, nikajiambia inatosha.

Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ikaanguka. Unaijua: jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, linaloitazama bahari pale Forodhani. Lilikuwa kwenye ukarabati. Watu wawili walikufa. Nilikuwa dukani niliposikia, nikafunga mlango wa duka nikakaa chini nyuma ya kaunta. Watu wote Unguja walikuwa wakiomboleza jumba, nami nilikuwa nawafikiria wawili wale, vumbi kinywani.

Siku chache baadaye akaja bibi mmoja dukani. Ni mtu mzima sana, namjua tangu nilipokuwa mwanafunzi wa yule fundi wa chokaa. Anakaa kwenye nyumba ya urithi, ghorofa moja, na wajukuu wawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unitazamie nyumba yangu. Tangu lile jumba lianguke silali."

Nikataka kusema mguu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamtazama macho yake, mekundu, ya mtu asiyelala. Nayajua macho hayo, yalikuwa yangu. Nikamwambia, "Bibi, na mimi naogopa."

Akasema, "Basi njoo tuogope pamoja."

Nilikwenda kesho yake na mke wangu na mpwa wangu. Nilisimama barazani karibu saa nzima. Jasho. Magoti. Mlango uko wazi, ndani naona mkeka, naona beseni. Siwezi. Mke wangu hakunivuta. Alikaa barazani na bibi, wakazungumza bei ya mchele. Mpwa wangu akaingia yeye, akasimama katikati ya chumba, akatazama juu, akasema, "Mjomba, nitazame mimi. Usitazame dari."

Nikamtazama yeye. Nikaingia.

Nilikagua nyumba ile kwa siku nne, kazi ya nusu siku. Nilitembea nikiegemea kuta, kwenye ukuta ndiko boriti inakoshikwa. Nilipofika chumba cha kulala cha bibi, kwenye ukuta wa upande wa mvua, chini ya dari rangi ilikuwa imevimba kama mkate na chumvi nyeupe imetoka. Bibi mwenyewe akanipa patasi. "Chimba," alisema. "Ni ukuta wangu." Nikachimba. Nikatia bisibisi kwenye ncha ya boriti. Ikazama yote mpaka mpini, bila nguvu, kama kwenye papai bivu. Boriti ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Jumla saba, zimefuatana, juu kabisa ya kitanda chake.

Siku ile ile tulihamisha kitanda. Mpwa wangu akaleta mirunda ya mikaratusi, tukaikaza chini ya mbao kuishika dari, na tukapiga turubali kwenye paa pale maji yanapoingilia. Dari ile haijaanguka. Familia wanachanga fedha kidogo kidogo kubadilisha boriti, tumeshabadilisha nne. Mirunda ingalipo kwenye chumba, bibi ametundika juu yake tasbihi na kanga.

Hivyo ndivyo nilivyorudi kazini. Sikukuambia kwamba hofu imeondoka. Haijaondoka. Nikiingia nyumba yoyote, hata ya zege, hata benki, macho yanakwenda juu kabla sijasalimia. Usiku wa masika mke wangu anajua, anaacha taa ya uani ikiwaka. Nikikataliwa kuchimba lipu sipandi, naandika nilichokataliwa, naondoka. Nimepoteza wateja kwa hilo. Mpwa wangu sasa anasoma ujenzi chuoni, na likizo anakuja tunafanya kazi pamoja. Hatusimami tena mmoja chini mmoja juu, hata siku moja.

Na bangili. Mwaka juzi nilimnunulia mke wangu mbili. Bado nne, inshallah.

Ndugu yangu unayesoma, kama unakaa nyumba ya boriti na rangi imevimba chini ya dari, au asubuhi unakuta unga unga umedondoka kitandani, usingoje masika. Toa kitanda hapo usiku huu huu, kesho umwite fundi achimbe aone ncha. Na kama wewe ndiye uliyekaa uani kwenye mvua, unayesema mguu wakati si mguu, mwamshe mtu mmoja aliye ndani ya nyumba yako umwambie. Mwamshe sasa hivi, hata kama kunakaribia kucha.